Spika Tano na Masikio ya Mama

Leo naomba ruhusa niyaweke kando maswali ya mirathi na ya malezi yaliyokwisha kunijaa mkobani, nizungumzie jambo ambalo kwa miezi miwili limeishughulisha nyumba yangu kuliko nilivyotarajia. Jambo hilo ni ununuzi wa spika za kompyuta. Najua yuko atakayesema, "Na shekhe naye ameingia katika biashara ya wufa!" Simlaumu. Mimi nilisomea ubao na sauti ya mwalimu aliyeshika bakora, na hadi kufika umri wa miaka arobaini chombo cha sauti nilichokijua barabara kilikuwa redio ya betri. Lakini mtu hujifunza anapolazimika, nami nililazimika.

Mama yangu mzazi amevuka miaka themanini, na twakaa naye. Kila usiku wa Ijumaa, baada ya sala ya Isha, nyumba nzima hukusanyika sebuleni, kompyuta ikawekwa mezani, tukasikiliza darsa zilizorekodiwa za tafsiri na za sira. Siku ya Jumamosi wajukuu hupewa zamu yao, wakatazama filamu ya wanyama wa baharini au ya historia. Kwa miaka mingi Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza maswali darsa ikimalizika, na aghalabu maswali yake yalinitoa jasho. Tangu Ramadhani iliyopita akanyamaza. Akawa ainuka kabla ya wakati, asema usingizi umemzidi. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, mashekhe wa siku hizi wamumunya maneno. Zamani mtu akisema alikuwa akisema." Nikacheka, nikadhani ni masihara ya wazee.

Kisha usiku mmoja nikamtazama wakati watoto wanacheka kwa jambo lililosemwa na mwalimu. Mama naye alicheka, lakini alichelewa. Aliwatazama wao kwanza, kisha akacheka. Hapo nilijua kwamba amekuwa akikaa nasi miezi yote ile bila ya kuwa nasi, na jambo hilo liliniuma moyoni.

Kijana wangu wa pili, anayesomea mambo ya umeme, alikuwa na jawabu tayari. "Baba, kosa ni la spika. Hizi zako ni bati tupu." Hakukosea. Zilikuwa mbili, ndogo kama vikombe vya kahawa, zilizokuja pamoja na kompyuta, na moja imepasuka karatasi yake. Yeye alikwisha kuona mjini sanduku lenye spika tano na wufa moja, ile seti ya sauti inayomzunguka msikilizaji kama katika sinema, na ubavuni mwa sanduku imeandikwa kwa rangi nyekundu: wati 10,000. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 30,000 kutokana na kazi ya kufasiri nyaraka. Akanihakikishia kuwa zatosha na chenji itabaki.

Kabla ya kwenda dukani tulianza hospitali, na hili naliomba kila familia yenye mzee ilishike. Masikio yaweza kuzibwa na nta tu, na mtu akapoteza mwaka mzima akilaumu redio. Mama alitazamwa, nta ikaondolewa, kisha akapimwa kwa mashine. Natija ikawa ile iwapatayo wengi wa umri wake: sauti nzito azisikia vizuri bado, bali sauti nyembamba zimemtoroka. Sikio la kijana husikia tangu mitikisiko 20 kwa sekunde hadi 20,000, na umri ukisogea huanza kupungukiwa kutoka juu. Sasa irabu zetu, yaani a, e, i, o, u, nguvu zake nyingi ziko chini. Lakini s, sh, f na th ziko juu, tena ni dhaifu, ni pumzi tu. Waliosoma makhariji ya herufi watanifahamu upesi. Mzee wa namna hii asikia kwamba mtu anasema, ila hapati anachokisema. Kwake yeye "fika" na "shika" ni neno moja, na "thamani" na "samani" hazina tofauti.

Daktari alitueleza habari za kifaa cha kuvaa sikioni, na hilo limo njiani kwa taratibu zake. Kwa upande wa nyumbani alisema neno moja lililobadilisha safari yetu yote: msimwongezee kelele, mwongezeeni uwazi. Spika mbovu ukiipandisha, kinachopanda ni mvumo ule mzito, nao huyafunika maneno kama wimbi linavyofunika nyayo mchangani. Mama atasikia ngurumo zaidi na maneno machache zaidi.

Basi tukaenda mjini, mimi na kijana, na maduka ya vyombo vya umeme katikati ya Mombasa ni mengi kuliko subira yangu. Lakini kabla sijawaingiza dukani, niwaeleze maana ya zile nambari zilizoandikwa juu ya masanduku, kwa sababu muuzaji huzitamka kama dua asiyoijua tafsiri yake.

Tano nukta moja maana yake ni spika tano kamili na ya sita ya sauti nzito, iitwayo sabwufa. Spika tatu hukaa mbele: kushoto, kulia na katikati. Mbili hukaa ubavuni, nyuma kidogo ya msikilizaji. Sabwufa huhesabiwa "nukta moja" kwa kuwa njia yake maalumu hubeba kipande chembamba tu cha sauti, kile cha chini kabisa, kufikia kama mitikisiko 120 kwa sekunde. Saba nukta moja huongeza mbili nyingine nyuma. Asili ya haya yote ni majumba ya sinema. Walt Disney alipotoa filamu ya Fantasia mwaka 1940, katika miji michache ilionyeshwa kwa spika zilizopangwa sehemu mbalimbali za ukumbi ili sauti itembee. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilitoka na sauti ya kidijitali ya njia hizi sita, kisha DVD zikauleta mpango huo majumbani, na kompyuta zikaurithi.

Lililonistaajabisha katika habari hii ni kazi ya ile spika ya katikati. Watengenezaji wa filamu, maneno ya wasemaji huyaweka karibu yote katika njia ya kati, ili popote ulipokaa ukumbini usikie mtu anasema kutoka kwenye picha, si kutoka ukutani. Kushoto na kulia hupewa muziki na harakati, nyuma hupewa mvua, upepo, na kelele za watu. Kwa hiyo katika spika tano, moja ndiyo yenye ulimi. Anayemnunulia mzee wake, au anayenunua kwa ajili ya masomo na khutuba, aichague seti nzima kwa kuisikiliza ile moja. Nami nashuhudia kwamba katika maduka saba tuliyoyaingia, wauzaji wote saba walinionyesha wufa, na hapana hata mmoja aliyenionyesha spika ya kati mpaka nilipouliza.

Duka la kwanza ndilo lenye sanduku la wati 10,000. Kijana wa duka, mwenye adabu zake, alifungulia kitu cha kuonyeshea wateja, na vioo vya kabati vikatetemeka. Mwanangu akatabasamu mpaka masikioni. Mimi nikaomba seti igeuzwe nitazame mgongo wake. Huko nyuma kulikuwa na kibandiko kidogo kinachoeleza kuwa chombo chote chatumia wati 65 za umeme. Nikamuuliza mwanangu, mwanafunzi wa umeme, "Baba, chombo kinachokula 65 chatoaje 10,000?" Akanyamaza, kisha akacheka mwenyewe.

Ile nambari kubwa huandikwa kwa herufi PMPO, na haina kipimo kinachokubaliwa na watu wote. Kila kiwanda hujipigia hesabu yake. Nambari ya kutafuta ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu ambayo chombo chaweza kuishikilia kwa mfululizo. Kwa mfano, seti ya Logitech Z906, inayojulikana sana na watu wa kompyuta, imeandikwa wati 500 kwa RMS na wati 1,000 za kilele. Nambari mbili, na kila moja imeitwa kwa jina lake. Ukikosa RMS juu ya sanduku, tazama mgongo. Chombo hakitoi kwa mfululizo zaidi ya kinachokula.

Tena wati zenyewe zina siri. Ukizidisha mara mbili, toka 50 hadi 100, sikio huona hatua ndogo tu, desibeli tatu. Ili sauti ionekane kwako imekuwa kubwa maradufu, wahitaji nguvu mara kumi. Sebule ya mita nne kwa tano, kama zilivyo nyingi za kwetu, makumi machache ya wati za kweli yaijaza na kumwagika nje. Anayelipa ziada kwa ajili ya wati alizoziona kwa herufi nyekundu ananunua wino.

Nilikuwa nimechukua flashi yenye vitu vitatu: sauti ya mwanamke asomaye habari kwa Kiswahili, kisomo cha msomaji ambaye pumzi yake naijua vizuri, na kipande cha filamu yenye njia sita za sauti. Nawashauri mfanye hivyo. Dukani wao hufungulia wanachokitaka wao. Nikaomba sabwufa izimwe kabisa, sauti ishushwe hadi kiwango cha mazungumzo, na yule mwanamke asome habari zake. Kwenye ile seti kubwa alisikika kama mtu asemaye ndani ya pipa. Spika zote tano zilikuwa za aina moja, kila moja na koni moja nyembamba ya karatasi inayolazimishwa kuimba juu na chini peke yake. Sabwufa ilikuwa inatuficha hayo yote.

(Mtu asinifungulie hapa mlango wa kuuliza muziki. Nimeandika habari za spika, na barua za muziki nitazijibu siku nyingine kwa urefu wake.)

Duka la tano, si la sita wala la saba, ndilo tulilolirudia. Seti yenyewe haikuwa na taa za rangi wala herufi nyekundu. Spika yake ya kati ilikuwa pana kuliko wenzake, ina koni mbili na katikati twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mgongo wake ulieleza matumizi ya wati 200. Yule mwanamke alisoma habari, na nikazisikia s zake na sh zake zikitoka safi kama maji ya mtungi, kwa sauti ya chini. Niliondoa wavu wa mbele kwa idhini ya mwenye duka nikatazama ukingo wa koni. Ulikuwa wa mpira. Hili wakaazi wa pwani wasilipuuze: ukingo wa sponji huliwa na joto na unyevu, ukageuka unga baada ya miaka michache, ilhali wa mpira hustahimili. Kadhalika nilitazama vishikizo vya waya. Chumvi ya hewa yetu huingia katika kila chuma, na waya unaoweza kuuchomoa, ukaukata ncha na kuurudisha ni bora kuliko uliogandishwa ndani moja kwa moja. Bei ilikuwa 28,000. Nilitoa 26,500 baada ya mazungumzo ambayo sitayaeleza.

Kabla hamjalipa, tazameni kompyuta yenu ina matundu gani. Hili nalieleza kwa sababu ya jirani mmoja ambaye kwa miaka mitatu alijisifia spika tano, na alipokuja kutazamwa ikaonekana ameunganisha waya wa kijani peke yake. Alikuwa na spika mbili zinazorudiwa na wenzake. Kompyuta za mezani nyingi huwa na matundu ya rangi nyuma: la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la zile za nyuma, na la rangi ya chungwa ni la kati pamoja na sabwufa. Yote matatu yatakikana. Kompyuta za kubeba aghalabu zina tundu moja tu la spika za masikioni, na mwenye nayo itambidi anunue kadi ya sauti ya nje, ile ya kuchomeka kwenye USB, au atumie waya wa HDMI kama seti yake yaupokea. Bluetooth ya kawaida hupeleka njia mbili tu, kwa hiyo anayeambiwa kuwa spika tano zitafanya kazi yake kamili bila ya waya wowote kutoka kompyuta na aulize tena.

Na la umeme. Ndugu zetu walioko Marekani wanapotuma vyombo, wakumbuke kwamba huko umeme ni wa volti 120 na kwetu ni 240. Chombo kisichobadilishwa kitatoa moshi kabla hakijatoa sauti. Vya Dubai na vya Maskati aghalabu huafikiana na umeme wetu, hata na plagi zetu. Kwa vyovyote vile nunueni na kile kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa ghafla, kwani umeme wetu ukikatika si kukatika kunakoua chombo, ni kurudi.

Tukafika nyumbani, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kipimo cha kupanga spika ni hiki: wewe, spika ya kushoto na ya kulia mfanye pembetatu yenye pande sawa. Ukikaa mita mbili kutoka kila moja, nazo ziachane mita mbili. Za ubavuni ziwe nyuma kidogo ya mabega, si ukutani mbali nyuma ya kisogo. Ya kati iwe chini au juu ya kioo cha kompyuta, na uso wake uelekezwe kwenye masikio, si kwenye magoti. Wengi huilaza juu ya meza ikitazama tumbo la mtu, kisha wakalalama.

Nyumba yetu ni ya kuta za mawe na chokaa, sakafu ya vigae, na sebule haikuwa na zulia. Piga kofi moja katikati ya chumba kama hicho, utasikia kofi la pili likikujibu. Jibu hilo ndilo linaloyala maneno: silabi ya kwanza haijafa, ya pili imekwisha kufika. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo alitutazama kama watu waliopotea njia, ndiye aliyelitatua hilo. Alitandika zulia la msimu wa Idi pamoja na mikeka miwili, akatundika pazia zito dirishani, na kabati langu la vitabu akaliamuru lihamie ukuta wa nyuma. Nilipiga kofi, na kofi la pili likaja limechoka. Naapa kuwa mabadiliko hayo, ambayo hayakutugharimu hata shilingi, yalizidi nusu ya faida ya spika zenyewe.

Sabwufa mwanangu aliiweka pembeni, kwenye kona, akifuata ushauri wa marafiki zake. Kona huzidisha sauti nzito, ni kweli. Lakini ukuta ule twashirikiana na jirani ambaye wakati huo alikuwa ndani ya arobaini yake, na sauti nzito haijui ukuta. Siku ya pili alimtuma binti yake mdogo: "Mama awasalimu, asema kitanda chatikisika." Nililowa kwa aibu. Serikali yetu ina kanuni za kudhibiti kelele na mitikisiko tangu mwaka 2009, lakini haki ya jirani hatukungoja kufundishwa na serikali. Tuliitoa sabwufa konani, tukaisogeza ukuta wa upande wa barabara, chini yake tukaweka kipande kinene cha mpira, na tukaishusha zaidi ya nusu. Mke wangu alipeleka uji wa pilipili manga na radhi zetu.

Ukaja usiku wa Ijumaa. Zulia limetandikwa, spika zimesimama, wajukuu wamekaa safu. Mama akakaa kitini pake. Darsa ikaanza, na baada ya robo saa akainuka. "Usingizi," akasema. Wallahi nilitamani kuzirudisha shilingi zangu usiku ule ule.

Mwanangu hakusema neno. Watu walipolala alikwenda akaweka sikio lake kwenye spika ya kati. Ilikuwa kimya kabisa. Spika niliyoinunulia seti nzima haikutoa hata pumzi. Sababu yake ni nyepesi ukishaijua: darsa zile, kama zilivyo darsa na khutuba na visomo karibu vyote, zimerekodiwa kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Kompyuta hupeleka kilichomo mahali pake na haiongezi. Filamu ya njia sita huipa spika ya kati maneno yake. Darsa ya njia mbili huiacha imekaa kama mgeni asiyekaribishwa. Hili hakuna muuzaji aliyetuambia, na naliandika ili msije mkayapata yaliyotupata. Seti nyingi zina kitufe cha kuitawanya sauti ya njia mbili katika spika zote, na kompyuta nayo ina mpangilio wa namna hiyo ukiutafuta katika sehemu ya sauti.

Lakini kijana alifanya bora kuliko hilo. Maadamu darsa ni mtu mmoja anasema, yafaa nini kumtawanya sehemu tano? Akaichanganya sauti ikawa moja, akaipeleka kwenye spika ya kati peke yake, nyingine zote akazizima. Kisha akarefusha waya, akaichukua spika ile kutoka mezani akaiweka juu ya kigoda, karibu mita moja na kiti cha Mama, ikimtazama usoni. Ukaribu una kazi ambayo wati haziwezi kuifanya. Spika ikiwa karibu, sauti yake yenyewe hufika sikioni kabla ya mwangwi wa kuta na kwa nguvu zaidi yake, hata ukiishusha.

Nilifanya hesabu na sikuipenda. Kama ningelijua hili mwanzoni, ningelinunua spika moja nzuri na waya mrefu, na zaidi ya nusu ya fedha zingebaki mfukoni. Mwanangu hakubaliani nami. Asema siku ya Jumamosi, filamu ya nyangumi inapooneshwa na bahari ikavuma kutoka nyuma yao, wadogo zake hugeuka kutazama, na hilo halipatikani kwa spika moja. Pia kwa filamu ameipandisha njia ya kati desibeli chache juu ya nyingine katika mpangilio wa seti, maneno yakatoka mbele ya kelele, na Mama afuata hadithi. Nakiri ana hoja. Mwenye chumba cha kutosha, kompyuta yenye matundu yake, na watoto wapendao filamu, spika tano si israfu ikiwa ni tano za kweli. Mwenye darsa na habari tu, mbili nzuri au hata moja yamtosha, na asimsikilize mtu.

Kwa ajili ya watoto hao tumetia alama ya wino kwenye kinobu cha sauti, na hapana ruhusa ya kuivuka. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 75 kwa watoto, kwa saa 40 za wiki, na 80 kwa watu wazima. Simu ya mkononi yaweza kupima kwa kukadiria. Sitaki miaka sitini baadaye mmoja wao acheke kwa kuwatazama wenziwe.

Usiku wa Ijumaa uliofuata, mwalimu katika darsa alikuwa aeleza safari ya Twaif. Mama alikaa kimya, mkono shavuni, na mimi sikuitazama kompyuta hata mara moja; nilimtazama yeye. Katikati ya maelezo akainua mkono. "Rudisheni nyuma kidogo." Mjukuu akarudisha. Mama akasikiliza tena, akatikisa kichwa. "La. Hiyo ilikuwa baada ya kufa Bibi Khadija, si kabla. Huyu amelitanguliza jambo." Nikainuka kwenda kutoa kitabu kwenye lile kabati lililohamishwa, na tulipomaliza kulijadili ilikuwa yapata saa tano kasorobo, wajukuu wamelala juu ya zulia, na yeye aniambia nitafute darsa inayofuata.